Kiraka Kilichokwisha Kuoga: Tathmini ya Fundi wa Kurekebisha Nguo Mjini Moshi

Mwanzoni mwa Agosti nilipeleka nguo tano kwa fundi cherehani mmoja anayefanya kazi barazani mwa duka katikati ya mji wa Moshi, na hadi Novemba ilipokwisha nilikuwa nimemrudia mara saba. Ninaandika tathmini ya huduma yake kwa sababu kazi ya kurekebisha nguo haipimwi hadharani kama zinavyopimwa hoteli, simu na magari, ingawa karibu kila kaya huihitaji. Na pia kwa sababu mimi ni Mkristo, na niliyoyaona juu ya meza ile ya mbao yalinirudisha kwenye Maandiko kwa njia ambayo mahubiri mengi niliyoyasikia hayakuwahi kunirudisha. Jina lake silitaji, kwa kuwa hakuniomba nimtangaze. Wenyeji wa Moshi wanajua kwamba mafundi wa barazani si mmoja wala wawili, na ninayoyasema hapa yanaweza kumsaidia msomaji kumpima yeyote kati yao.

Nguo zenyewe zilikuwa hizi: suruali ya kaki ya mume wangu, iliyochanika gotini, shati lake jeupe la Jumapili, ambalo kola yake ilikuwa imelika hadi nyuzi zikaonekana, suti ya kipaimara ya mwanetu mkubwa, ambayo sasa ilitakiwa imfae mdogo wake, na magauni mawili ya kitenge niliyoyashonesha kwa ajili ya harusi za ndugu, kila moja likiwa limevaliwa siku moja tu.

Naanza na suruali, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha mengi. Nilikuwa nimenunua dukani kipande kipya cha kaki, rangi ile ile, nikidhani nimemrahisishia fundi kazi. Nilimwamkia, akaitikia, akakipokea kile kitambaa, akakisugua kati ya vidole vyake kwa muda, kisha akanirudishia. "Hiki hakijaoga, mwanangu," alisema. "Nikikishona leo kitakaa vizuri mpaka siku utakapofua. Siku hiyo kitajikunja, kitavuta, na kitaondoka na nyuzi za pembeni, ambazo ndizo zilizobaki na nguvu." Akavuta kiroba kilichokuwa chini ya cherehani, akapekua, akatoa mguu wa suruali nyingine ya zamani, iliyopauka kwa jua na sabuni kama yetu, akakata humo kipande kilicholizidi tundu kwa upana wa vidole viwili kila upande. Alikikata kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za suruali, kwa maana kiraka kilichokatwa mshazari, alivyonieleza, hupigana na nguo kila mvaaji anapopiga goti. Alikunja kingo, akakishikiza kwanza kwa sindano ya mkono, ndipo akapitisha cherehani mara mbili. Bei ilikuwa shilingi 2,500.

Maneno ya Bwana katika Mathayo 9:16 nimeyasikia tangu shule ya Jumapili: hakuna mtu atiaye kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu. Kila mara yalihubiriwa kwa haraka, kama mlango wa kupitia kuelekea kwenye divai mpya na viriba, na mimi niliyachukua kuwa yanasema tu kwamba cha zamani hakifai tena. Barazani pale, nikiwa nimeshika mkononi kitambaa changu kipya kilichokataliwa, nilisikia sehemu ya pili ya mstari huo kana kwamba haikuwahi kusomwa mbele yangu: kiraka huondoa sehemu ya vazi, na pale palipotatuka huzidi. Sikatai kwamba Bwana anazungumzia upya wa ufalme wake, ambao hauwezi kubandikwa juu ya desturi za kufunga za watu waliomuuliza. Lakini mfano wenyewe unasimama juu ya mambo ambayo wasikilizaji wake walikuwa wakiyajua kwa mikono yao, kwamba vazi kuukuu hutiwa kiraka, kwamba hasara ya kutisha ni kuliharibu zaidi wakati wa kulitengeneza, na kwamba kitambaa ambacho hakijapita majini hakiaminiki. Hawakuhitaji kuelezwa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mama au mke aliyekaa mlangoni na sindano. Sisi tunahitaji mchungaji atufafanulie, na hata akitufafanulia tunaelewa kwa kichwa tu, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna tena anayetia viraka. Ninaposema kwamba utamaduni wetu umevunjika, jambo hili ni sehemu kubwa ya ninachokisema: tumepoteza kazi za mikono ambazo juu yake Maandiko yenyewe yalisemwa.

Tena, hapa mlimani, kiraka kisichooga kina historia. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, wakaja kuanza kazi mwaka 1893; kwa wengi waliobatizwa katika vizazi vya kwanza, nguo ya kushonwa ikawa alama ya shule na ya jina jipya. Siwalaumu mababu waliofurahia nguo ile, wala sitamani turudi kwenye ngozi. Hata kabla ya misheni, merikani na kaniki, vitambaa vya pamba vya biashara, zilikuwa zimekwisha kupanda kutoka pwani na misafara, nazo zilitumika kama fedha. Lakini pamoja na nguo, mambo mengine mengi yalishonwa juu ya maisha ya watu bila kuloweshwa kwanza, na yalipofuliwa yakavuta, yakang'oa na kile kilichokuwa kizima. Bruno Gutmann, mmoja wa wamisionari wa Leipzig, aliyefika mwaka 1902 na kuhudumu kwa miaka mingi Kidia, Old Moshi, hadi mwaka 1938, aliiona hatari hiyo mapema. Alijifunza Kichagga na sheria za Wachagga kwa bidii isiyo ya kawaida, akafundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu aliviweka katika uumbaji, na kwamba kanisa lijengwe kupitia vifungo hivyo badala ya kuvikata. Walikuwapo waliomlaumu kwamba aliyapenda mno ya kale na kuogopa mno mabadiliko, na lawama hiyo ina uzito wake. Hata hivyo, kwa lugha ya fundi wangu, alikuwa mtu aliyekubali kuloweka kitambaa kwanza.

Nimekaa na jambo hili kwa muda kwa sababu wapo Wakristo wengi siku hizi, nami nimo, wanaotaka kurekebisha namna tunavyovaa, tunavyonunua na tunavyotupa, na wengi wetu tunafika na kitambaa kipya kutoka dukani. Tunawakemea vijana kwa mavazi yao bila kuwahi kukaa nao. Tunawahubiria akina mama juu ya ubadhirifu wa sare huku sisi wenyewe tukiwa kwenye kamati ya harusi. Isaya 58 ndiyo sura yenye ahadi ya kuitwa "Mwenye kutengeneza mahali palipobomoka", lakini kabla ya kufika kwenye jina hilo la heshima katika mstari wa 12, mtu hana budi kupita katika mstari wa 7, ambao unaagiza kumvika aliye uchi na kutojificha na mwenye damu moja nawe. Jina linakuja baada ya maji.

Shati lilikuwa kazi ya namna nyingine. Fundi alifumua kola kwenye mshono wake, akaigeuza, ule upande wa chini ambao haukuwahi kuguswa na shingo ukawa juu, akaishona tena mahali pake, na upande uliolika ukajificha chini ya mkunjo. Kazi hiyo ilichukua chini ya saa moja, na gharama yake ilikuwa shilingi 3,000. Marehemu baba yangu alikuwa akigeuziwa kola za mashati yake ya kazi kila baada ya miaka michache, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba jambo hilo linawezekana. Mshono ulikuwa umenyooka, ncha mbili za kola zililingana, na vifungo viwili vilivyolegea viliongezwa uzi bila mimi kuagiza na bila kutozwa. Kwa kazi hii sina neno la kumpunguzia. Ukiwa na mashati mazuri ya pamba ambayo yamechoka shingoni tu, mpelekee fundi anayejua kugeuza kola kabla hujayafanya matambara ya kudekia. Lakini muulize waziwazi kama anaijua kazi hiyo, kwa sababu mafundi vijana wawili niliowauliza kabla yake walinishauri ninunue shati jingine.

Ushauri huo una hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo haifai kufichwa. Katika soko la mitumba la Memorial, mtu mwenye subira ya kuchambua anaweza kupata suruali nzima ya kaki kwa shilingi 6,000, na fulana kwa 1,000 siku ya mnada. Ukijumlisha kiraka na nauli ya daladala kwenda na kurudi, kurekebisha kunafikia nusu ya bei ya kununua nyingine au zaidi, na kwa nguo za bei ndogo kabisa kunaizidi bei nzima. Mtu mwenye akili timamu ana haki ya kuuliza faida iko wapi, nami nisingependa kumjibu kwa maneno matamu.

Mitumba siidharau. Nilizaliwa katika miaka ile baada ya Vita vya Kagera ambapo maduka yalikuwa matupu na kipande cha kitambaa kilitafutwa kwa foleni, na soko lilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, ni mitumba iliyotuvika. Jina lake lilitokana na marobota yenyewe, lakini watu wa rika la mama yangu walikuwa na jina jingine, kafa Ulaya, kwa kuwa hawakuweza kuamini kwamba mtu aliye hai angetoa koti zima kama lile. Kwa vyovyote mwenyewe alikuwa amekufa. Nilipokuwa mtoto jina hilo lilinichekesha. Sasa linanifikirisha, kwa sababu ukisoma Mwanzo 3:21 bila haraka utaona kwamba vazi la kwanza ambalo Mungu alimfanyia mwanadamu lilikuwa la ngozi, na ngozi haipatikani pasipo kitu kufa. Adamu na mkewe walikuwa wamekwisha kujishonea majani ya mtini, kazi ya watu wawili wenye hofu. Bwana Mungu akawafanyia mavazi mengine, akawavika. Walitoka bustanini wakiwa wamevaa gharama iliyolipwa na mwingine.

Gharama za namna hiyo bado zipo, na mara nyingi hatuzioni kwa sababu hazijaandikwa kwenye bei. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuwaua watu 1,134, wengi wao wakiwa wanawake waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Nguo kama zile huvaliwa huko kwa muda mfupi, hutolewa, hufungwa marobota, na hufika Memorial, na Gikomba jijini Nairobi. Niliangalia lebo za nguo zilizomo kabatini kwangu, nikakuta za Bangladesh nne. Upande wa pili wa hesabu uko hapa kwetu. Pamba inalimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, nayo kwa sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa bado haijasokotwa uzi, wakati khanga na vitenge vya kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilikivalisha kizazi kizima cha wazazi wetu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuyaondoa mavazi ya mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya kibiashara, nchi nyingine zikalegeza msimamo, na Rwanda, iliyoshikilia ushuru wake, ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa mavazi mwaka 2018. Sitajifanya kwamba viraka vya barazani vitajibu jambo lenye ukubwa huo, na mchuuzi wa Memorial anayelipa ada za watoto wake kwa belo moja hadi jingine hana kosa lolote la kujibu mbele yangu.

Kwa nini basi nililipa 2,500 na nitaendelea kulipa? Katika Matendo 9, Petro alipofika Yafa na kupandishwa orofani alikolazwa Dorkasi, wajane hawakumsimulia tabia njema za marehemu. Walimwonyesha kanzu na nguo alizokuwa amewatengenezea wakati alipokuwa pamoja nao. Waliishika kazi ya mkono wake na kuinyosha mbele ya mtume. Nilijaribu kufikiri ni nguo gani kati ya zangu ningeweza kuishika namna hiyo, nikijua ni nani aliyeishona na alikuwa na hali gani siku ile, na kabla ya Agosti hapakuwa na hata moja, isipokuwa shuka ya kitenge niliyoachiwa na mama. Sasa zipo tano. Najua kwamba siku kola ilipogeuzwa fundi alikuwa amefunga mkono wa kushoto kitambaa kwa sababu ya pasi iliyomuunguza, na najua ni kiroba gani kilitoa kiraka. Ujuzi huo ndio nilioununua, pamoja na suruali.

Suti ya kipaimara ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, na hapa lazima niandike lawama. Kijana wangu wa pili ni mpana mabegani kuliko kaka yake, na suti ilikuwa ya kununuliwa tayari. Fundi alifungua bitana, akatazama ndani ya mishono, akakuta kwamba kiwanda kilikuwa kimeacha akiba ndogo sana, ya kama sentimita moja, ambapo fundi wa kushona mwenyewe huacha mbili au tatu kwa ajili ya siku kama ile. Alitoa chote kilichowezekana mgongoni na kwenye kiuno cha suruali, akashusha pindo, na kwenye makwapa akaongeza kipande chembamba cha kitambaa cheusi kinachofanana, ambacho huwezi kukiona mpaka mtoto anyanyue mikono. Kazi ilikuwa nzuri na ilinigharimu shilingi 12,000. Lakini aliahidi Jumatatu, akasema Jumatano, nikaambiwa njoo kesho, na mikononi mwangu iliingia Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya ibada, wakati nilikuwa nimekwisha kuanza kuulizia bei za suti za kukodi. Mteja anayemwamini fundi kwa siku kubwa ya mtoto wake hastahili wasiwasi huo. Nilimweleza hivyo kwa heshima, naye hakujitetea. Alisema alikuwa amepokea kazi nyingi kuliko mikono yake. Ningependelea aseme hivyo Jumatatu. Aidha, pasi yake ya mkaa iliacha mng'ao kwenye paja la suruali, na mng'ao huo haukutoka wote nilipouwekea kitambaa chenye maji na kupiga pasi upya. Nguo nyeusi nzito zipigwe pasi zikiwa zimefunikwa, na fundi wa umri wake analijua jambo hilo.

Hata hivyo mwanangu alipopiga magoti mbele ya madhabahu katika suti ya kaka yake, nilimkumbuka Hana, ambaye kila mwaka alimfanyia Samweli kanzu ndogo na kumpelekea alipokwenda pamoja na mumewe kutoa dhabihu. Mwandishi wa 1 Samweli 2:19 angeweza kuliacha jambo dogo kama hilo. Kila mwaka kanzu ilihitaji kuwa kubwa kidogo, na mama asiyeishi na mtoto wake alilazimika kuukisia urefu wake kwa moyo. Nilijua urefu wa mwanangu kwa sababu nilikuwa nimesimama barazani fundi akimpima kwa futi ya kitambaa huku akimtania juu ya mabega yake, na kaka mtu amekaa pembeni kwenye benchi akieleza ni mfuko gani uliokuwa umemtobokea.

Magauni ya kitenge hayakufanikiwa sawasawa. Moja lilipunguzwa na kuwa blauzi na sketi ya binti yangu, na amevaa mara nyingi kuliko nilivyotarajia. La pili fundi alilikata vibaya: maua makubwa ya kitenge hayakukutana kwenye mshono wa mbele, nusu ua likaangukia juu ya nusu ya majani, na nilipomwonyesha alikubali kwamba hakutandaza kitambaa chote kabla ya kukata. Alinirudishia nusu ya fedha. Kwa kazi za kitenge chenye michoro mikubwa nitamtafuta fundi mwingine, mwanamke hasa, na simwiti huyu fundi wa kila kitu. Vitambaa vya kuvutika pia havipokei, na kazi ya ovaloki, ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, huipeleka kwa jirani, jambo ambalo huongeza siku moja.

Lakini lawama kubwa kuhusu magauni yale siwezi kumpa fundi. Yalikuwa sare. Anayekaa Kilimanjaro anaijua Desemba yetu, jinsi familia zinavyopanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, na jinsi kila harusi, kila kipaimara na kila shukrani inavyokuja na kitenge chake, kamati yake na tarehe ya mwisho ya kulipia. Sare ilianza kama jambo jema, watu kuonekana kuwa wamoja siku ya furaha. Nimeshuhudia pia jambo jingine: shangazi wa bwana harusi, mjane, aliyekuja na gauni lake la kawaida lililo safi kabisa, akaelekezwa kwa upole kwenye viti vya nyuma kwa sababu angeharibu picha. Nilikuwa mmoja wa waliovaa sare siku hiyo na sikusema neno. Yakobo 2 inatukataza upendeleo, ikimtaja mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri anayeambiwa keti hapa mahali pazuri, na maskini anayeambiwa simama pale. Sisi tulilitekeleza agizo hilo kinyume, kwa tabasamu, ndani ya ua la kanisa. Gauni ambalo binti yangu sasa analivaa kwenda sokoni ndilo nililolivaa siku ile. Mama yule hajui kwamba limekatwa, na nimekwisha kumwendea kuomba radhi.

Kuhusu namna fundi anavyoshughulika na wateja, nitasimulia jambo moja tu. Stakabadhi hana; kila nguo hufungwa kipande cha kitambaa chenye jina la mwenyewe lililoandikwa kwa kalamu, na hakuna iliyopotea mbele yangu. Nyuma yake kuna kamba ndefu yenye nguo ambazo wenyewe hawajazikomboa. Jumamosi moja jioni alikuja mama na binti wa shule ya msingi, akaeleza kwamba fedha ya sketi na shati la sare bado haijapatikana. Fundi aliinuka, akavitungua, akampa. "Jumatatu hawezi kwenda darasani akiwa amevaa deni langu," alisema, kisha akarudi kwenye kola aliyokuwa akiifumua. Katika Kutoka 22 imeagizwa kwamba ukichukua nguo ya jirani yako kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, kwa sababu ndiyo mavazi yake ya kulalia. Sijui fundi huyu husali wapi, na sikuwahi kumuuliza. Jua lilikuwa bado halijachwa.

Kwa msomaji anayetaka kumtumia fundi wa namna hii, yafaa aende asubuhi ya siku ya kazi, kabla wateja wa mchana hawajajaa, na asimpelekee nguo ya tukio chini ya majuma mawili. Apeleke nguo ikiwa imefuliwa, kwa heshima ya mikono itakayoishika. Mahali pa kujaribia hakuna. Utavaa koti barazani mbele ya wapita njia, na suruali utaijaribu nyumbani. Wakati wa masika, upande wa kusini wa baraza huvuja, na nguo hufunikwa kwa turubai, kwa hiyo usishangae ukipokea shati lenye unyevu. Kwa viraka, kola, zipu, mapindo na kupunguza au kuongeza suti, ninampendekeza bila kusita. Kwa kitenge chenye maua makubwa, hapana. Na ukiwa na suruali au mashati yasiyorekebishika tena, mpelekee pia, kwa sababu kiroba kinahitaji vitambaa vilivyokwisha kuoga, na siku moja nilimwona akikipekua hadi chini pasipo kupata rangi aliyoitaka.

Suruali ya kaki imefuliwa mara kumi na moja tangu Agosti. Kiraka hakijavuta.